Jinsia Umeitia Wewe: Mwongozo Kamili wa Kuzungumza na Watu Bila Kuwabagua

Kwa muda sasa nimekuwa nikiletewa matangazo ya vyama, kadi za harusi na hotuba za mikutano ya mitaa niyapitie, hapa Mombasa, kutoka Likoni hadi Bamburi, na kosa ni lile lile. Mtu ameambiwa kwamba lugha yake inawabagua wanawake. Ameona haya, ameazimia kujirekebisha, kisha ameandika hivi: "Mwanachama wa kiume au wa kike atakayechelewa, mwanamume au mwanamke huyo atatozwa faini." Sentensi imelemewa kama tuktuk iliyopakia watu saba. Na ubaguzi wenyewe haujatoka, kwa sababu mstari unaofuata unawaomba "akina mama washughulikie chai."

Huyu amemeza dawa ya ugonjwa wa lugha nyingine. Kiingereza mara nyingi humsukuma msemaji achague neno la mwanamume au la mwanamke pale ambapo sisi twasema "yeye" tu. Kiswahili hakikulazimishi. "Alikuja, nikamkaribisha, nikampokea mkoba wake." Nani huyo? Huenda ni nahodha, huenda ni bibi harusi. Si a-, si -m-, si -ake inayokuambia.

Basi ukiona jinsia ndani ya sentensi ya Kiswahili, mara nyingi kuna mtu aliyeitia kwa mkono wake. Mwongozo huu unakufundisha kuiona ilipoingilia, kuamua kama ina haki ya kubaki, na kuitoa bila kuvunja lugha.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye kinasa sauti.
- Jumbe kumi za karibuni ulizotuma kwenye kikundi cha WhatsApp, ulizoandika mwenyewe, si za kusambaza.
- Karatasi, na kalamu mbili: nyekundu na buluu.
- Kamusi ya Kiswahili, ya karatasi au ya simu.
- Mwanamke mtu mzima aliyekulia Pwani, asiyekuogopa. Huyu ana faida kuliko kamusi. Kamusi itakupa maana ya neno; yeye atakuambia likitamkwa mbele ya wakwe watu watageuka kukutazama au la.
- Siku saba. Ukijaribu kuyamaliza yote jioni moja utachoka na kurudi kwenye "wa kiume au wa kike."

## Hatua ya 1: Nasa maneno yako

Keti mahali unapozungumza kwa raha, dukani, barazani au mezani nyumbani, uwaombe ruhusa walio nawe, kisha unase nusu saa ya mazungumzo. Baadaye sikiliza peke yako, uandike kila sentensi yako iliyomtaja mtu. Ongeza zile jumbe kumi.

Sasa chukua kalamu nyekundu, uzungushie kila neno lililobeba jinsia: mwanamke, bwana, mama, kijana wa kiume, mke, boi, hausigeli, dume, "wa kike."

Usiruke hatua hii ukidhani unajijua. Maneno tuliyoyazoea hatuyasikii tena, kama anayekaa karibu na msikiti asivyoshtuka kwa adhana. Wengi walioanza na kumbukumbu zao waliniambia hawana tatizo, na ujumbe wenyewe wa kuniambia hivyo ulikuwa na matatu.

Umefaulu ikiwa karatasi ina miduara myekundu hata pale ambapo ungeapa hukutaja jinsia. Ikiwa haina hata mmoja, rudia siku nyingine, maana siku hiyo ulikuwa unajichunga.

## Hatua ya 2: Badilisha jina

Hiki ndicho kipimo chenyewe, na hakihitaji elimu. Chukua sentensi, toa Juma utie Asha, au toa Asha utie Juma. Isome kwa sauti.

"Juma anamsaidia mkewe kulea watoto." Haya, geuza: "Asha anamsaidia mumewe kulea watoto." Umecheka? Sentensi ya kwanza ilikuwa imekwisha kuamua watoto ni wa nani.

"Asha anaendesha gari vizuri, utadhani mwanamume." Geuza: "Juma anaendesha gari vizuri, utadhani mwanamke."

"Kiongozi mwenyewe msichana mdogo, lakini ana akili." Hapo hata si lazima ugeuze. Lile "lakini" linatosha kujishtaki.

Sentensi ikigeuzwa ikabaki kawaida, iache. Ikichekesha au ikitukana, ipigie mstari wa buluu. Utakazozitengeneza ni za buluu peke yake, na hapa ndipo watu hukosea: wanataka kufuta kila duara jekundu.

Kuna mahali jinsia inahitajika, na ukiificha utaharibu. Tangazo la kliniki kuhusu shingo ya kizazi lawahusu wanawake. La tezi dume lawahusu wanaume. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 27, inataka vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa visiwe na zaidi ya thuluthi mbili ya watu wa jinsia moja, na huwezi kuhesabu thuluthi bila kutaja nani ni nani. Kila moja ya kaunti 47 ina Mwakilishi wa Wanawake, na cheo hicho kina jinsia kwa sababu kilitungwa kiwe nayo. Ukimwita "mwakilishi" tu umemchanganya na mwakilishi wa wadi.

Kanuni ya kukumbuka hapa: taja jinsia ikiwa jambo lenyewe ni la jinsia. Kupika chai si jambo la jinsia.

## Hatua ya 3: Safisha majina ya kazi

Hii ni rahisi kuliko zote, kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kukufanyia kazi. Mvuvi, baharia, nahodha, fundi, dereva, daktari, mbunge, jaji, mlinzi, muuguzi: hakuna hata moja lenye jinsia. Martha Koome alipoapishwa mwaka wa 2021 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, cheo hakikuhitaji hata herufi moja kubadilishwa.

Fanya hivi. Tafuta kwenye karatasi yako kila kazi iliyofungiwa mkia wa "wa kike", "mwanamke" au "wa kiume." Kata mkia. "Nilibebwa na dereva wa tuktuk wa kike" iwe "nilibebwa na dereva wa tuktuk." Kama uanamke wake ndio hadithi yenyewe, useme mwishoni kama habari, usiufanye kuwa sehemu ya kazi yake.

Halafu tafuta majina tuliyokopa yakiwa na jinsia yake ndani. Vyama vyetu vina "cheamani" na "chealedi", na watu hugombana ni lipi la heshima, ilhali "mwenyekiti" lipo, na maana yake ni mwenye kiti tu. Aliyekikalia ni nani, kiti hakiulizi. "Wochimani" ni mlinzi. "Hausigeli" na "hausiboi" ni wafanyakazi wa nyumbani. Hayo mawili ya mwisho yana kosa la pili, kwani yanamwita mtu mzima mtoto. Kuna mama wa miaka 50 anayeitwa geli na mwajiri wa miaka 28. Sioni haja ya kueleza zaidi.

Usihangaike na "mwana-" katika mwanasheria, mwanahabari, mwanajeshi na mwanachama. Wapo wanaodhani ni "mwanamume" aliyefupishwa. Siyo. Mwana ni mtoto, ni mtu wa jambo fulani. Kadhalika "binadamu." Kweli asili yake ni mwana wa kiume wa Adamu, lakini hakuna mtu sokoni Kongowea anayelisikia hivyo. Ukianza kuwinda asili za maneno hutamaliza. Hata mkono wa kulia huitwa mkono wa kuume, na wa kushoto huitwa wa kike. Mikono yako iache.

Onyo. Jinsia huhamia kichwani hata ikitoka mdomoni. Mwaka fulani nilikwenda hospitali moja hapa mjini, jina silitaji, nikamkuta mwanamke aliyevaa koti jeupe. Nikamwambia, "Sista, hebu niitie daktari." Akanitazama kwa utulivu. "Daktari ndiye mimi. Keti." Nyuma yake kijana mwanamume alikuwa akifunga bandeji, na wagonjwa wote chumbani walikuwa wakimwita daktari. Alikuwa muuguzi. Tangu siku hiyo, nisipojua cheo, nasema "samahani, nahitaji kuhudumiwa" na kumwacha mtu ajitambulishe mwenyewe.

## Hatua ya 4: Jifunze kuitana

Hapa usiende mbio. Makosa mengi ya mwaka mzima hutoka hapa, na ndipo Mombasa hutofautiana na kwingineko.

Anza na umri, si jinsia. Heshima ya Kiswahili msingi wake ni umri. Shikamoo haina ya kike wala ya kiume. Inauliza tu nani mkubwa. Ukiwa na shaka, salimu kwanza. Salamu hukupa muda wa kuona mtu anapenda aitweje, na mara nyingi yeye mwenyewe atakuonyesha kwa namna atakavyokuita wewe.

"Mama" lina mipaka. Kumwita mwanamke mtu mzima "mama" ni heshima. Kumwita hivyo binti wa miaka 25 aliyesimama foleni ya feri ni kumzeesha, na atakugeukia. "Akina mama" kwa wanawake wote waliomo ukumbini ni hatari zaidi. Katika kila watu ishirini yumo anayemwomba Mungu mtoto kwa miaka, na yumo ambaye hataki. Sema "wanawake" ikiwa unamaanisha wanawake, na "wazazi" ikiwa unamaanisha wazazi. Mikutano ya shule inayoita "akina mama" ndiyo hiyo hiyo inayolalamika kwamba akina baba hawaji.

"Mama Ali" na "Baba Ali." Kumwita mtu kwa jina la mtoto ni adabu yetu nzuri na sikushauri uiache. Ila isiwe njia pekee. Kwa mwanamke usiyejua kama ana mtoto, "Bi" na jina lake: Bi Rehema, Bi Zuhura. Kwa mkubwa, "bi mkubwa." Uzuri wa "Bi" ni kwamba haliulizi kama ameolewa. Kiingereza kilihangaika sana kutafuta neno la namna hiyo. Sisi twalo kibindoni.

Kadi za mwaliko. "Bw. na Bi. Salim Omar" ni desturi ya kukopa. Kwa Waislamu wa Pwani mwanamke haachi jina la babake akiolewa. Bi Fatuma binti Athmani atabaki kuwa binti Athmani hata akiwa na wajukuu. Andika majina mawili: "Bi. Fatuma Athmani na Bw. Salim Omar." Kadi itarefuka kidogo. Mchapishaji hatakufa.

"Dada", "kaka", "ndugu." Dada ni salama kwa mwanamke wa rika lako, ukilitamka bila kulivuta. "Daaada" ya makanga pale stejini si neno moja na "dada." "Ndugu" halina jinsia kabisa. Ndugu yangu aweza kuwa dada au kaka. Ukisimama mbele ya watu mchanganyiko, "ndugu zangu" hutosha na hubeba wote, mradi usiongeze "na dada zangu", maana ukiongeza umewatoa wanawake kwenye undugu, kisha ukawarudisha kwa mlango wa nyuma.

"Vijana." Sikiliza matangazo: "vijana na wanawake." Maana yake kijana ni mwanamume, na msichana wa miaka 20 hajulikani ameingia wapi. Kijana hana jinsia kikamusi. Tumia neno lote: vijana ni wasichana na wavulana.

"Mama mboga." Hili lina pande mbili. Ni jina la heshima mtaani, na wengi wanajivunia. Wanasiasa wamelibeba hadi kwenye mikutano mikubwa. Lakini mwanamume akiuza mchicha ule ule kwenye kibanda cha jirani huitwa mfanyabiashara. Ushauri wangu: ana kwa ana, mwite anavyojiita. Ukiandika barua, ripoti au ombi la mkopo, andika "muuza mboga" au "mfanyabiashara wa mboga" kwa wote wawili. Kuna maofisa wanaosoma "mama mboga" wakaona kazi ya kupitisha wakati.

"Shoga." Neno hili lina nyumba mbili. Baina ya wanawake wa Pwani, shoga ni rafiki wa ndani, na bibi zetu walisema "shoga yangu" bila wasiwasi. Kwingineko, na siku hizi hapa pia, hutumiwa kumtaja mwanamume anayependa wanaume, mara nyingi kwa kumtukana. Ukiwa mwanamume, usilitumie kumwita yeyote. Ukiwa mwanamke, mwite hivyo yule anayekuita hivyo. Na lisigeuzwe tusi kwa mtu yeyote, awe nani.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kukaa siku nzima ukikutana na watu wapya bila mtu kukunja uso ulipomwita.

## Hatua ya 5: Tengeneza vitenzi vya ndoa

Hapa jinsia imo ndani ya sarufi yenyewe, kwa hiyo fungua macho. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mmoja ni mtenda, mwingine ametendwa. Wapo wanaosema tulazimishe "Asha amemwoa Juma." Mimi siungi mkono. Ukisema hivyo Mombasa watu watacheka na ujumbe wako utapotea kwenye kicheko.

Njia ya wazi ipo. "Wameoana." "Wamefunga ndoa." Katika vitenzi vya -ana, wote wawili hutenda. Pale pale tengeneza "ameachwa", ambalo humvika mwanamke aibu peke yake. "Wameachana" yasema ukweli ule ule na kuugawa sawa.

"Ameozwa" usilifute hovyo. Neno hili lasema kuna mtu mwingine aliyeamua. Ikiwa msichana wa miaka 15 amelazimishwa, "ameozwa" ndilo neno la haki, na "wamefunga ndoa" litakuwa uongo wa kuficha kosa. Adabu ya maneno haikusudiwi kumstiri mkosaji.

Kuhusu watoto, tupa "tasa" na "mgumba." Lugha yetu ina tafsida iliyo nzuri kuliko zote ninazozijua: "hawajajaliwa." Haimlaumu mke wala mume. "Mwanaharamu" nalo lisitoke mdomoni mwako hata kwa mzaha. Mtoto hakuwako walipokubaliana.

Wanaume wa mji huu wana njia ya zamani ya kuulizana hali za wake zao: "Nyumbani hawajambo?" Wengi wa vijana huiona ya kizamani. Naipenda, maana ni swali ambalo mwanamke naye anaweza kumwuliza mwenzake bila kubadilisha hata irabu.

## Hatua ya 6: Ondoa kiume na kike kwenye mizani

Tazama mistari yako ya buluu iliyobaki. Mingi itakuwa ya namna hii: kiume kimetumiwa kumaanisha uzuri, kike kimetumiwa kumaanisha unyonge.

"Jikaze kiume." Sema "jikaze." Neno halikupoteza nguvu yoyote, na mvulana hakufundishwa kwamba machozi ni ya dada yake.

"Mwanamke huyu ana roho ya kiume." Sema "jasiri", "shupavu", "shujaa." Yote hayana jinsia. "Jike dume" ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu jike na dume ni maneno ya ng'ombe na mbuzi.

"Maneno ya kike", "umbea wa wanawake." Nimekaa mabarazani Mji wa Kale kwa miaka, nikinywa kahawa chungu na kashata, na naapa hakuna mke wa mtu asiyejadiliwa pale. Ila yetu huitwa mazungumzo.

Methali nazo zipitie kipimo cha hatua ya 2. "Mke ni nguo, mgomba kupalilia" husemwa kama busara ya kumtunza mke. Geuza: "Mume ni nguo." Hakuna anayekubali. Huna haja ya kuipiga marufuku, ila usiitumie kwenye hotuba ya harusi ukidhani unamsifu bibi harusi.

Kisha angalia viambishi ki- na ji- vinapobandikwa mtu: kijanamke, jijanamke, kijitu, jitu. Hupunguza au hukuza ili kudhalilisha. Ukiviona kwenye mazungumzo yako, ujue ulikuwa na hasira, si na habari.

Hapa hapa, kwa kuwa karatasi iko mkononi, pitia pia maneno ya ulemavu, maana mengi yamevaa ki- hiyo hiyo: kipofu, kiziwi, kiwete. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Sema "mtu asiyeona", "mtu asiyesikia", "mtu mwenye ulemavu", "mtu mwenye ualbino." Sijui sheria nyingine ya nchi inayoingia mdomoni mwa mtu moja kwa moja kiasi hicho.

## Hatua ya 7: Andika tangazo upya

Sasa tumia kila ulichojifunza. Hili ni tangazo la chama cha mtaa, nimebadilisha mambo machache ili mwenyewe asijulikane:

*"Ndugu wanachama, mkutano ni Jumamosi saa nane mchana, Tononoka. Kila mwanachama aje na mkewe. Akina mama watatengeneza chai na mahamri. Vijana watapanga viti. Mwanamume atakayechelewa atalipa shilingi 200. Chealedi atafungua kwa dua."*

Aliyejaribu kulisahihisha alitia "mke/mume", "mwanamume/mwanamke", mikwaju kila mahali, halisomeki. Hili ndilo lililotoka mwisho:

*"Wanachama, mkutano ni Jumamosi saa nane mchana, Tononoka. Mwanachama aweza kuja na mwenzi wake. Tunahitaji watu sita wa chai na mahamri na wanne wa kupanga viti. Jiandikishe kwa katibu. Atakayechelewa atalipa shilingi 200. Mwenyekiti atafungua kwa dua."*

Angalia "atakayechelewa." Neno moja limembeba mtu mzima na kosa lake, bila nomino yoyote. Hiki ndicho kifaa chako kikubwa: aliye-, anaye-, atakaye-, mwenye. Kila unapojikuta unaandika "mwanamume au mwanamke ambaye", tafuta kitenzi cha namna hii na mkia wote utaanguka.

Angalia pia kwamba kilichoongezeka katika lipya ni maelezo ya kazi, si jinsia. Likirefuka kwa maneno ya jinsia, ujue umeiongeza badala ya kuitoa.

Tena usiridhike na maneno tu. Ikiwa tangazo lasema "watu sita wa chai" na katibu akawapigia simu wanawake sita, hapo hakuna sarufi itakayokusaidia.

Msomee bi mkubwa uliyemwandaa mwanzoni. Akiuliza swali la maana, kama "dua itasomwa saa ngapi?", umefaulu. Akisema "hiki Kiswahili cha wapi?", rudi nyuma.

## Hatua ya 8: Kukosoa na kukosolewa

Usimsahihishe mkubwa mbele za watu. Si kwa kuogopa. Ni kwamba utakuwa umelinda heshima ya mmoja kwa kuivunja ya mwingine, na kesho hakuna atakayekusikiliza. Njia yetu ni kurudia jambo lake kwa neno jema. Mzee akisema "tutafute cheamani mpya", wewe jibu, "Naam, mwenyekiti mpya tumpate lini?" Wengi watalichukua bila kujua wamelipewa.

Kwa rika lako, mvute kando. Kwa mtoto, sema papo hapo na uendelee.

Ukikosolewa wewe, sema "nimekosa, nitamwitaje?" Usianze kueleza nia yako. Maelezo ya nia humfanya aliyeumia awe ndiye wa kukubembeleza.

Na tusi la makusudi si kosa la lugha. Anayemtukana mwanamke pale sokoni Marikiti anajua Kiswahili chake vizuri kabisa. Mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili yake.

## Hatua ya 9: Pima tena

Siku ya nane, nasa nusu saa nyingine, watu wale wale kama yawezekana. Hesabu mistari ya buluu, uilinganishe na ya kwanza. Usitarajie isiwepo kabisa.

Kipimo kingine ni hiki: simulia kisa kuhusu mtu bila kutaja jina wala jinsia, useme tu dereva, fundi, jirani. Ukimaliza, muulize msikilizaji alimwona nani kichwani. Akikujibu "si mwanamume?" usicheke, maana huenda wewe nawe ulimwona hivyo. Akikuuliza yeye kwanza, "kwani alikuwa mwanamke au mwanamume?", lugha yako imeanza kukaa sawa.

Mimi mara ya pili mistari ilipungua karibu yote, isipokuwa "akina mama", lililokuwa limejaa ukurasa mzima. Na mara mbili kati ya hizo nilikuwa nikizungumza na mabinti wa chuo.